Kijuju, Nchi Iliyotazamwa Kijuujuu

Tuko Abu Hamour, hapa Doha. Safari hii ukurasa wetu wa uhakiki hauna riwaya wala diwani. Tunahakiki gemu, tena gemu ya kupiga risasi. Wazee wetu msikunje uso. Someni kwanza, kisha mtuhukumu.

Kisa kilianza usiku wa kuamkia Ijumaa. Nyumba tunayokaa ni villa iliyogawanywa vyumba kwa kuta za mbao, na kila chumba kina watu wake: sisi watano wa Afrika Mashariki, Wafilipino upande wa pili, Wanepali na watu wa Kerala huko juu. Wengine wanarudi kutoka zamu wakati wengine ndio kwanza wanatoka, kwa hiyo sheria ya kwanza ya nyumba ni kutopiga kelele usiku. Basi mnamo saa saba ya usiku tukasikia, nyuma ya ule ukuta wa mbao, kundi la watu linapiga kelele kwa Kiswahili. Hazikuwa kelele za mzaha wala za mpira. Zilikuwa za watu wanaomsaka mtu. Mwenzetu wa Tanga alitoka bila viatu. Mwenzetu wa Lamu alishika fagio. Tulipogonga na kufunguliwa mlango tukamkuta jirani yetu Mfilipino yuko peke yake, taa imezimwa, kifaa cha Nintendo Switch mkononi. Mwenzake wa chumba alikuwa zamu ya usiku, naye kwa kuona hana wa kumsumbua alikuwa amechomoa hedifoni.

Alitutazama sisi watano na fagio letu, akaomba radhi, akapunguza sauti. Halafu akauliza, "Kwani hawa wanasema lugha gani?"

"Yetu," tukamjibu.

Alicheka akidhani tunamtania. Muda wote alioicheza gemu ile aliamini kwamba sauti zile zimebuniwa studio, kama ngurumo za majitu ya sinema. Hakujua kwamba ni maneno, na kwamba wenye maneno hayo wamelala ng'ambo ya ukuta wake.

Gemu yenyewe inaitwa Resident Evil 5. Ilitolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwezi wa Machi 2009 kwa mashine kubwa za wakati ule, PlayStation 3 na Xbox 360, zile za kuunganishwa na televisheni. Oktoba 2019 ikaletwa kwenye Switch, ambayo mtu anaweza kuishika mkononi kama kitabu, na kwa njia hiyo ikafika hata kwenye vitanda vya dabo deka vya Abu Hamour, ambako televisheni ni moja na wenye kuitaka ni wengi. Ni gemu ya watu wazima, na wazazi walijue hilo mapema.

Hadithi yake kwa ufupi ni hii. Askari wa Kimarekani, Chris Redfield, anatumwa na kikosi kinachopambana na silaha za vijidudu hadi mahali panapoitwa Kijuju. Anapokewa na Sheva Alomar, askari mwenzake na binti wa Afrika. Wanaingia mjini, watu wanawatazama kwa jicho baya, kisha mitaa inanyamaza ghafla. Haupiti muda watu wale wale wanarudi na mapanga na mashoka. Wameingizwa mdudu kooni, naye mdudu ndiye anayewaendesha. Kazi ya mchezaji ni kuwapiga risasi, na risasi hazitoshi, na kutoka hai.

Hao walioingiwa na mdudu wanaitwa Majini. Ndiyo, neno letu, lile lililotufikia kutoka Kiarabu: jini mmoja, majini wengi, na katika gemu linatolewa kama neno la Kiswahili lenye maana ya pepo wabaya. Mwenzetu wa Lamu, mtoto wa mvuvi, alipoliona limeandikwa alidhani kwanza ni habari za baharini, kwa kuwa majini pia ni ndani ya maji. Waliolichagua neno hawakulitazama upande wa pili.

Na Kijuju je? Kwa mujibu wa gemu, Kijuju iko Afrika Magharibi. Sasa chukueni ramani. Kutoka Mombasa hadi Doha, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 3,500. Kutoka Mombasa hadi Lagos ni zaidi ya kilomita 4,000. Yaani sisi tuliokaa Ghuba tuko karibu na Mombasa kuliko watu wa Lagos, na hakuna mtu mwenye akili zake atakayetengeneza gemu ya Doha ajaze Waswahili watupu mitaani. Lakini Afrika kwa watengenezaji hawa ni chumba kimoja: ukiokota lugha kwenye kona hii unaweza kuiweka kwenye kona ile. Nchi yao wameiita Kijuju, na sisi tukaona jina limewaponyoka na kusema kweli. Lizidishieni "u" moja tu, mtapata namna walivyotutazama.

Ubishi juu ya gemu hii ni wa zamani. Matangazo yake yalipoonyeshwa mwaka 2007, yakiwa na mzungu mmoja mwenye bunduki na kijiji kizima cha watu weusi wanaomkimbilia, waandishi kadhaa, akiwemo N'Gai Croal aliyekuwa wa gazeti la Newsweek, walisema waziwazi kwamba picha zile zinarudia fikra kongwe kuhusu Mwafrika. Watetezi nao wakajibu kwamba gemu iliyotangulia ilikuwa ya wanakijiji wa Kizungu huko Uhispania, na hakuna aliyelia. Watu walibishana sana kuhusu rangi, na ilikuwa haki yao. Lakini katika mengi tuliyoyasoma, lugha iligusiwa kwa nadra. Labda ni kwa sababu waliobishana, pande zote mbili, hawakuielewa. Sisi tunaielewa, na ndiyo maana tumeona tuseme.

Kwanza tuwe waadilifu. Gemu hii imetengenezwa na watu wanaoijua kazi ya kutisha. Chris hawezi kutembea na kulenga kwa wakati mmoja. Akiinua bastola miguu yake inaganda. Kwa hiyo kila mara unachagua: usimame upige, au ukimbie uishi dakika moja zaidi. Ukifungua begi kutafuta dawa, adui hasubiri. Begi lenyewe lina nafasi tisa tu, na Sheva ana tisa zake, nanyi mnagawana risasi na majani ya dawa kama sisi tunavyogawana rafu za friji moja, kwa upole wa nje na hesabu kali za ndani. Akifa Sheva, na wewe umekwisha. Kuna sehemu ya uwanjani, mapema kabisa, ambapo mtu mwenye kipaza sauti anauchochea umati, na jitu lenye shoka linamuua mtu mbele ya wote, kisha umati unageuka na kukutazama wewe. Tuliiona mara nyingi, na kila mara mgongo ulitusisimka.

Kwenye kifaa cha mkononi hofu hiyo inabadilika sura. Kioo cha Switch ya kwanza ni inchi 6.2, kama kiganja cha mtu mzima kilichokunjuliwa. Mtu aliye mbali, kwenye kioo kidogo hivyo, ni doa tu. Humwoni, unamsikia. Mashine ya televisheni ilikuwa ya macho, hii ni ya masikio. Na kwa kuwa wengi wetu tunachezea kitandani na hedifoni, zile sauti hazitoki upande wa kabati la televisheni. Zinatoka ndani ya kichwa chako.

Hapo ndipo gemu inapogawanyika kuwa mbili. Asiyejua Kiswahili anasikia makelele. Makelele hayana jina wala mama, na kuyanyamazisha ni raha. Anayejua Kiswahili anasikia watu wanaoonyeshana njia, wanaoitana, wanaoagizana kuua. Lafudhi yao si ya Mvita, si ya Unguja, wala si ya Kigoma. Mara nyingine tulicheka jinsi neno lilivyotafunwa. Lakini ni maneno. Na mwenye maneno, hata akija na shoka, kwako wewe unayemwelewa ni mtu kabla ya kuwa adui.

Jirani yetu alitualika usiku uliofuata tumfasirie. Tulikaa wanne kwenye kitanda kimoja, kioo kimoja, yeye anacheza sisi tunatafsiri. Mwanzoni ilikuwa burudani tupu. Sisi tulijua kwamba ameonwa kabla yeye hajaona kitu, tukawa tunapiga kelele "nyuma! nyuma!" naye akasifu kwamba Kiswahili ni silaha bora kuliko bastola aliyopewa. Usiku wa pili akaanza kuuliza kila mmoja: huyu kasema nini? Na yule mwanamke? Tukamweleza. Tukaona kidole chake kinachelewa. Hakikuchelewa sana, nusu ya nukta hivi, lakini katika gemu ile nusu ya nukta ni shingo. Akafa, akarudia, akafa tena. Usiku wa tatu alituambia kwa upole, "Jamani, msiniambie tena. Nikijua wanasema nini siwezi kucheza."

Ndugu wasomaji, sisi tungeandika kurasa kumi za uhakiki tusingefika pale alipofika huyu ndugu kwa sentensi moja. Gemu hii inahitaji mchezaji asielewe. Kutoelewa ndiyo baruti yake. Kiswahili hakikuwekwa humo kisemwe, kimewekwa kisieleweke. Lugha inayozungumzwa na mamilioni ya watu, iliyo lugha rasmi ya Umoja wa Afrika, imefanywa kazi ya mbwa anayebweka gizani.

Tazameni vitufe vyenyewe. Kuna cha kulenga, kuna cha kupiga, kuna cha kisu, kuna cha kumwita mwenzako. Hakuna cha kuuliza. Sheva angeweza kuwa daraja: mwenyeji wa bara hili hili, anayejua alikozaliwa. Lakini maneno yake na Chris ni ya Kiingereza, na kazi aliyopewa ni kuonyesha njia na kugawana risasi. Hakuajiriwa ukalimani.

Hili la kuuliza si jambo dogo kwetu, hasa kwa neno walilolichagua. Pwani yetu, jini si kitu cha kupigwa risasi. Hatumwambii mtu aamini. Wako wanaoyakataa haya kwa dini, na wako wanaoyakataa kwa elimu, na sisi wenyewe chumba kimoja tunapingana. Tunazungumzia umbo la jambo. Mtu akipandisha, anaitwa kiti, kwa kuwa kuna aliyekuja kumkalia. Mganga hashiki bunduki. Anafukiza ubani, anakaa mbele ya mgonjwa, anauliza: wewe nani? Umetoka wapi? Unataka nini? Mgeni anajibu, pengine kwa lugha ngeni: ruhani wana ya kwao, kibuki wana ya kwao ya Bukini. Anataka marashi, au nguo ya rangi fulani, au chano kiandaliwe, au ngoma ipigwe. Watu wanamsikiliza, wanapatana naye bei, wakati mwingine wanamgombeza. Aliyekaliwa habadiliki kuwa takataka. Yeye bado ni binti wa fulani, na shughuli nzima ni ili arudishwe kwao mzima.

Angalieni sasa. Katika Kijuju pia aliyeingiwa ni mtu wa watu, kaingizwa mdudu kwa nguvu, hakupenda. Yeye ni kiti. Lakini wametwaa jina la jini, wakaacha swali ambalo jini huulizwa.

Hata fasihi yetu ya kutisha na ya upelelezi ina tabia hiyo ya kuuliza. Muhammed Said Abdulla alipoandika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960, alianza na mahali pa kuogopwa na maiti, kisha akamleta Bwana Msa na kiko chake. Bwana Msa hakuufyatulia mzimu risasi. Alihoji, akatazama, akaunganisha. Msomaji anatishwa mwanzoni ili mwishoni aelewe. Gemu yetu hii inakwenda kinyume: kadiri unavyoelewa ndivyo inavyozidi kukushinda kuicheza.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo watengenezaji wenyewe wamefungua mlango. Katika sehemu ya tatu, ya mabwawa, wanatokea wapiganaji wa kabila la kubuni la Ndipaya, wamevaa majani na vinyago, wameshika mikuki, mambo ambayo hata sinema za zamani sasa zinayaonea haya. Humo humo kuna karatasi za kuokota, shajara ya kijana mmoja wa kijijini. Anaeleza jinsi watu wa kampuni ya mafuta walivyokuja na chanjo, jinsi kijiji kilivyoanza kuharibika, jinsi wanaume walivyobadilika mmoja baada ya mwingine, naye akijiona anawafuata. Kwa maoni yetu hayo ndiyo maandishi bora ya gemu nzima. Hofu yake haina kelele. Lakini tazameni: shajara hiyo mchezaji anaisoma kwa lugha yake mwenyewe, Kiingereza kwa wa Kiingereza, Kijapani kwa wa Kijapani. Mwanakijiji akiandika anapewa lugha ya mchezaji. Akisema Kiswahili anapewa risasi.

Na hadithi ya shajara ile haikuhitaji kubuniwa sana. Mwaka 1996 mjini Kano, kaskazini mwa Nigeria, kulipozuka homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto katika jaribio lililohusisha watoto 200. Kampuni ilikanusha kosa, kesi zikaenda miaka mingi, na mwaka 2009 ikafikia makubaliano ya dola milioni 75 na jimbo la Kano. Mwaka ule ule gemu ikatoka. Afrika Magharibi ya kweli ilikuwa na habari yake ya sindano, wazazi na hofu, na iliweza kusimuliwa kwa Kihausa cha wenyewe. Gemu iliikaribia habari hiyo, ikainusa, ikaiacha kwenye karatasi ya kuokota ili mchezaji asikawie kurudi kwenye bunduki.

Tusijifanye malaika lakini. Sisi nasi tunajua umati. Mwaka 1995 ilizuka Pemba, kisha Unguja, hofu ya popobawa. Wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka: watu waliogopa kulala vyumbani, familia zikalala nje kwa pamoja, wengine wakikesha wameuzunguka moto. Hiyo ndiyo tabia yetu, tukiogopa tunakusanyika, na ni tabia ya kusifiwa. Kwenye gemu, umati ni hatari na wokovu ni watu wawili wenye silaha. Kwetu, kuwa peke yako ndiyo hatari na umati ndio dawa.

Lakini kisa hicho hicho kina ukurasa wake mweusi. Huko huko Unguja, mwaka ule ule, aliuawa na watu mtu mmoja mgonjwa wa akili aliyedhaniwa kuwa ndiye popobawa. Alikuwa mgeni mahali hapo. Kama aliulizwa jina lake, jibu lake halikumwokoa. Tulipokumbushana kisa hiki chumbani, mwenzetu wa Tanga alisema neno ambalo lilitunyamazisha: katika habari ile, wale waliokuwa na hofu na silaha mkononi ndio mchezaji, na yule mgonjwa ndiye Majini. Sisi tulikuwa tumejiweka siku zote upande wa wanaopigwa. Kumbe hofu isiyouliza haichagui kabila. Inaweza kusema Kiingereza, inaweza kusema Kiswahili safi cha mjini.

Mdogo wetu wa chumba, kijana wa Bukoba, hakukubaliana nasi, na ni haki maoni yake yaandikwe. Alisema, "Nyinyi wakubwa mnalalamika tu. Mimi nikisikia Kiswahili katika gemu ya dunia nzima nafurahi. Afadhali tuwe majini kuliko tusiwepo kabisa." Tulimwelewa. Mtu anayefanya kazi miaka mitatu akiitwa kwa namba ya kitambulisho anafurahi kusikia lugha ya mama yake mahali asipotarajia, hata ikiwa inatoka kinywani mwa mwenye shoka.

Tulimjibu kwa mfano. Mwaka 2005, miaka minne kabla, ilitoka gemu nyingine, Civilization IV, na wimbo wake wa kufungulia ni Baba Yetu, sala ya Bwana kwa Kiswahili, uliotungiwa muziki na Christopher Tin, Mmarekani. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, na ulikuwa muziki wa kwanza wa gemu kuipata. Kwa hiyo nafasi ya kuwepo haikuwa ya majini peke yao. Kijana akatujibu vizuri: hata huko wasikilizaji wengi hawajui maana, wanapenda mlio tu. Kweli. Lakini sala, hata usiyoielewa, haikutaki umpige risasi anayeisali.

Hukumu yetu basi ni hii. Kwa ufundi wa kutisha, Resident Evil 5 ni kazi ya mafundi, na kwenye kifaa cha mkononi, usiku, na hedifoni, ni kali kuliko ilivyokuwa kwenye televisheni. Kwa kutujua sisi, ni kijuujuu. Mtu mzima anayetaka aicheze, lakini aicheze masikio yakiwa wazi, na akiwa na rafiki asiyejua Kiswahili karibu yake amfasirie, japo mara moja, aone kidole cha mwenziwe kinavyochelewa. Na vijana wetu wanaosomea kompyuta huko Nairobi, Dar es Salaam, na huku ughaibuni, tunawaomba kitu kimoja. Siku mkitengeneza gemu ya majini, wekeni kitufe cha kuuliza. Mtaona hofu itakavyozidi, kwa sababu jini anayejibu anatisha kuliko anayebweka.

Ijumaa ya wiki ile tulitoka mchana kwenda madukani. Abu Hamour siku hiyo ni watu tupu. Huku wanatoka misikitini, kule wanaelekea kwenye eneo la makanisa, ambako kanisa Katoliki lilifunguliwa mwaka 2008, na barabara nzima ni umati unaokuja usoni mwako kwa Kimalayalam, Kitagalogi, Kinepali, Kiamhari. Hatuelewi hata robo yake. Tulikumbushana siku zetu za kwanza hapa, tulipodhani kila sauti kubwa nyuma ya ukuta wa mbao ni ugomvi, na tukalala na mlango umefungwa kwa komeo. Hakuna aliyetuambia kwamba ng'ambo ya pili nao walikuwa wanatusikia sisi, tukibishana mpira kwa Kiswahili saa sita ya usiku, na pengine nao waliweka komeo.

Jirani yetu ameirudia gemu yake. Amechomeka hedifoni, na hatuulizi tena amefika wapi. Asubuhi tukikutana jikoni husema "habari ya asubuhi", kwa lafudhi mbaya kabisa, nasi tunamjibu "nzuri". Akajifunza pia kuuliza, "Wewe nani?" na "Unataka nini?" Anatuuliza hivyo kila tunapogonga mlango wake.

Mwenye maoni, hasa aliyeicheza, atuandikie kwa toleo lijalo.